Kimya Kilichokata Laini

Kazi yangu, pale ofisini katikati ya Nairobi, ni kuhakikisha mawasiliano kati ya kivinjari cha mtu na seva, ile kompyuta ya mbali inayomhudumia, hayakatiki. Mashine hizi hazina subira. Usipotuma chochote kwa muda mfupi, seva inaamini umeenda zako na kufunga laini. Dawa yake ni kuitumia kitu kidogo kila mara, hata cha ovyo. Miaka yote hii nabembeleza mashine, nami nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Mama mkubwa, dada yake mama, alipozikwa kwetu magharibi, mama hakuweza kusafiri kwa sababu alikuwa ametoka kupasuliwa goti. Alibaki kwake Riruta, hapa Nairobi, nami nikabaki naye. Waliokodisha mahema na vipaza sauti kule nyumbani wakatupa ukurasa wa mtandaoni wa kusikilizia na kuzungumzia. Mama na dada yake walikuwa wamenuniana miaka mingi, na kijiji kizima kilijua. Mama alitaka jambo moja tu: amwombe marehemu msamaha, watu wote wakisikia, kabla jeneza halijashushwa.

Nikaweka laptopu mezani, mama akajifunga kitambaa cha kanisani. Kanisa letu huomba kwa kunyamaza.

"Tunyamaze mbele za Mungu," mchungaji akasema kutoka kule mazishini. "Tukimaliza, dada yake aliye Nairobi ataanza."

Nikanyoosha mkono niguse kibodi, laini isilale.

"Wewe! Funga macho," mama akanong'ona. "Hata leo ni kompyuta tu?"

Nikafunga. Kusema kweli nilishukuru, maana usingizi ulikuwa umenielemea. Kimya cha kwetu hakina haraka.

Kisha mama akajisemea amina, akaanza. Alisema lile shamba halikustahili ugomvi wote ule. Alisema kosa lilikuwa lake. Sijawahi kumsikia mama akikubali kosa, na nililia naye.

Nilipofungua macho, skrini ilionyesha tumekatika zamani, katikati ya maombi.

"Wamesikia?" mama akauliza.

"Bado, mum. Ngoja nirudishe."

Sauti zikarudi. Sepetu zilikuwa zikichota udongo, na mchungaji alikuwa akisema, "Tumemngoja dada yake wa Nairobi, amekataa kusema neno. Tumwachie Mungu."

Mama akaiinamia laptopu na kuita kwa nguvu zake zote, lakini kule walikuwa wameshaanza kuimba.