Picha Niliyoifuta kwa Mzee Garo

Nakumbuka asubuhi moja ya mwaka 2014, mwanangu, nikiwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, mpiga picha katika studio ya Mzee Garo pale Kibondo mjini. Mzee alikuwa Mwarmenia. Wazazi wake walikimbia mauaji ya watu wao wakiwa wadogo; yeye alipiga picha Bujumbura tangu ujana, na vita vilipomfukuza huko akavuka mpaka na kamera yake. Watu walimwita Mzungu, naye aliwajibu kwa Kiha, lugha ya hapo.

Asubuhi hiyo aliingia binti kutoka kijiji cha Titye.

"Dada, mama alipokuja hospitali alipiga picha hapa, hakuwahi kuichukua. Tumemzika juzi. Nyumbani hatuna nyingine."

Picha hiyo nilikuwa nimeifuta. Memori kadi ilikuwa imejaa, nami nikafuta picha za wasiorudi kuzichukua bila kumuuliza mzee. Nilitaka kusema kamera iliharibika. Mzee Garo akanitazama.

"Mwambie ukweli."

Nikamwambia. Binti akauliza, "Alikuwa amevaaje?"

Ni mimi niliyempiga picha, lakini nguo yake sikuiona; nilikuwa natazama mwanga tu.

Mzee akamsogezea binti kiti. "Gauni la kijani. Nilimwomba atabasamu, akasema pengo lake la meno ni la watoto wake kulicheka, si la wageni."

Binti akacheka, machozi yakimtoka. "Huyo ndiye mama."

Alipoondoka, mzee hakunifokea. "Mama yangu alikufa akiuliza sura ya mama yake ilikuwaje. Hakubaki mtu wa kumjibu."

Wiki ile alinipeleka Titye, tukawapiga picha wote wa nyumba ya binti yule, hata bibi asiyetoka kitandani. Picha ya marehemu haikupatikana tena. Mwaka uliofuata kambi ya wakimbizi ya Nduta ilipofunguliwa tena, mzee alikuwa haoni vizuri, nikaenda kupiga picha huko peke yangu. Kila aliyekaa mbele yangu nilimuuliza jina na alikotoka kabla ya kugusa kamera.

Mwanangu, kazi yoyote utakayoshika, ya hospitali, ya ofisi au ya sokoni, mtazame mtu kabla ya kumhudumia. Ukikosea, kiri mwenyewe, mbele ya uliyemkosea. Mungu akupe macho yanayoona watu, na siku utakapokuwa hupo, asikosekane mtu wa kuwasimulia wanao ulivyokuwa.