Jiko Nililolifunika Turubai

Nakumbuka siku moja, mwanangu, moshi wa jiko langu mwenyewe uliponitoa mbio nikikohoa, masizi puani, mbele ya watu waliovaa vizuri kuja kunipongeza. Leo nacheka. Siku ile nililia.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Nilikuwa nasoma chuo kikuu, msichana pekee darasani, na kichwa kimenivimba kidogo. Nilikuwa nimebuni jiko la kuchemshia maji ya miwa, linalowaka kwa makapi, yale mabaki yaliyokwisha kukamuliwa, badala ya kuni. Mwalimu wangu akanituma Ekero kwa Mzee Juma, aliyekuwa akitengeneza sukari nguru, ile ya mabonge ya kahawia. Makubaliano yalikuwa kwamba yeye atoe matofali na mahali pa kazi, chuo kitoe maarifa, na faida tugawane. Mzee alinieleza wazi kwamba kuni zimemshinda. Jiko hili lisipofaa angefunga, na miwa ya majirani zake ingekaukia shambani.

Nami nikafanya nini? Nikaogopa kuibiwa. Nilizungushia jiko turubai, nikawafukuza wafanyakazi, na mchoro nikaufungia kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda changu nyumbani kwetu. Hata Mama Rasoa, aliyekoka moto pale miaka yote, nilimkataza kuchungulia. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini mimi niliziona zangu tu.

Siku ya kuliwasha, wageni wa pongezi wakitazama, upepo wa alasiri ukashuka kwenye bomba la moshi, moshi wote ukarudi ndani, na maji ya miwa yakabaki uji usioganda. Mzee Juma hakunigombeza. Alisema kwa upole kwamba mwisho wa mwezi atafunga, kisha akaenda kuswali. Upole ule uliniumiza kuliko kofi.

Mama Rasoa alinikuta nyuma ya rundo la makapi nikijifuta machozi kwa leso. Akaketi kando yangu.

“Mficha uchi hazai, msichana wangu,” alisema. “Mimi mbegu ya wimbi nagawanga kwa majirani. Panya wakimaliza yangu, naenda kwao naipata, na saa ingine imekuwa mzuri kuliko ile nilitoa.”

Nikamwuliza, kwa sauti ndogo, jiko langu lina kasoro gani.

“Upepo ya hapa inashukanga jioni, na hiyo bomba ni fupi. Halafu makapi yako ni mabichi. Hata mbuzi anajua.”

Nililivua lile turubai kwa mikono yangu. Tukarefusha bomba, tukaanika makapi mpaka yakakauka, na kabla ya mwezi kwisha sukari ikaganda vizuri. Mzee Juma hakufunga. Bwana mmoja wa Butali akaomba kutazama, tukamruhusu, akajenga lake na kuongeza karai la pili. Nilimwonea wivu kidogo, sikufichi.

Mwaka uliofuata kampuni moja ikataka kuyatengeneza majiko yale na kukilipa chuo. Mwalimu akaniagiza mchoro. Nilipofungua sanduku, mwanangu, mchwa walikuwa wamekula kila kitu wakanibakishia kufuli. Basi nikaenda Butali na futi ya kupimia, nikapima jiko la yule bwana, ambalo kusema kweli lilikuwa zuri kuliko langu. Alinishikia ncha ya futi mwenyewe. Mbegu yangu niliikuta kwa jirani.

Hati ya makubaliano na kampuni iliandikwa majina yetu sote. Mama Rasoa alitia kidole gumba, akauliza kama mbuzi naye hataandikwa.

Sasa nasikia wenye kiwanda wameomba kuuona utafiti wako hapo chuoni Kakamega, nawe umeufungia chumbani. Sikwambii uumwage ovyo. Andikianeni kwanza kila mmoja analeta nini na atapata nini, kisha ufunue bila kinyongo. Msikilize anayekoka moto kabla hujauwasha. Na jina lake liandike, usingoje akumbushe.

Mungu akujalie majirani wa kukutunzia mbegu, mwanangu. Na siku utakapokuta mchwa sandukuni, mlango utakaoubisha uwe wa mtu uliyemgawia.