Fundi Saa na Bia Chungu
Kila tulipokutana kulinganisha bia kali zenye hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, tulimwachia mwenzetu mmoja, fundi saa, aamue. Aliinua glasi kwenye mwanga kwa vidole viwili, akanusa, akafumba macho, kisha akasema taratibu, "Hii ina ganda la chungwa." Ubishi ukaisha. Jumamosi iliyopita alionja wa kwanza, akamaliza glasi yake yote. "Hii ndiyo bia, jamani!" Sisi tulipoionja tuliitema: ilikuwa imechacha, siki tupu. Tukamkodolea macho. Aliiweka glasi tupu mezani.

"Tangu niugue mwaka jana sisikii ladha wala harufu," alisema. "Msinitoe mezani, ndugu zangu. Nyumbani sina wa kubishana naye."