Mkono wa Mhunzi

Mhunzi wetu wa Mlalo alikuwa havukuti moto kabla hajafunga dirisha, maana rangi ya chuma aliisoma gizani. Akishairidhia, nyundo chache tu, chuma kinatii. Siku hiyo Darweshi, fundi mitambo kutoka Tanga, alimletea kipande cha injini akifue kiwe patasi. Mzee akakipiga kikiwa chekundu hadi jasho likamwingia machoni. Hakikubonyea hata kidogo. Akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Si mkono wako, mzee wangu," Darweshi alisema. "Hiyo ni aloi ya kobalti. Imetengenezwa isilainike motoni."

"Asante kwa kunifariji, mwanangu."

Majembe ya shamba la ujamaa yalikuwa bado yamerundikana pembeni, yakimngoja. Akainua ndoo ya maji ya kupozea chuma, akayamwaga nje kama mtu asiyetarajia kuwasha moto tena.