Pampu Isiyo na Geji

Baba yangu alianguka na baiskeli mara mbili katika mwezi mmoja, na mara zote mbili nililaumu tairi. Mara ya kwanza tairi la mbele lilikuwa limelegea, likamtupa kwenye kona ya Mamboleo, karibu na nyumbani. Mara ya pili tyubu ilipasuka akielekea Kibuye na magunia mawili ya sukuma wiki kwenye keria. Hakuvunjika. Alichubuka kiwiko, akaokota mboga zake, akasukuma baiskeli mpaka sokoni na kuuza kama kawaida. Habari niliipata jioni kutoka kwa mteja wangu, maana mwenyewe hasemi.

Nilimwambia wazi kwamba akianguka tena, baiskeli naiuza. Hakubisha. Aliniuliza tu kama nilikuwa na mpango wa kumkalisha nyumbani achunge kuku. Baba amekuwa mtu wa baiskeli tangu kabla sijazaliwa. Alibeba abiria Kondele wakati boda boda bado ilikuwa ya pedali, na kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha ushonaji. Kumnyang'anya baiskeli ilikuwa kumwambia kwamba amekwisha, na mimi sikutaka kuwa mtu wa kumwambia hivyo.

Kwa hiyo nilitafuta kingine cha kulaumu, nikaipata pampu. Tulikuwa na ile ndogo ya mkono inayofungwa kwenye fremu, ambayo unasukuma mpaka bega linauma huku nusu ya upepo ikitokea pembeni. Nilijiambia kwamba mzee wa umri wake anachoka kabla tairi halijajaa, na siku nyingine anazidisha kwa hasira. Alihitaji pampu ya kusimama, ile unayoikanyaga kwa miguu yote miwili na kuukandamiza mpini kwa uzito wa mwili.

Duka la kwanza lilikuwa katikati ya mji, la vioo. Pampu zao zilikuwa nzuri, na bei zake zilikuwa za watu wanaoendesha baiskeli ili kupunguza tumbo. Nikaenda Kibuye.

Muuzaji wa Kibuye alikuwa amezipanga chini kwenye turubai. Alinipa kwanza ya plastiki. Nilipoikanyaga, mguu wa pampu ukapinda, nikamrudishia. Akanipa ya chuma yenye geji, kijisaa kilichofungwa chini yake cha kuonyesha presha. Niliziba mdomo wa mpira kwa kidole nikasukuma, na mshale ukapanda vizuri. Nilipoachia, mshale ulibaki palepale.

"Hiyo saa inalalanga kidogo, mama," alisema. "Unagonga tu, inaamka."

Akaigonga, ikaamka. Ilikuwepo nyingine ambayo geji yake haikulala, lakini bei yake ilikuwa macho pia. Mwisho akanionyesha ya chuma tupu, nzito, isiyo na geji, kwa bei ambayo sikuona haja ya kuipigia kelele.

"Ni ya nani?" aliuliza.

"Ya baba yangu. Ana ile baiskeli nyeusi."

"Sasa mzee wa black mamba anataka saa ya nini? Huyo anabonyeza na kidole tu."

Nilikubaliana naye kabisa, na hapo ndipo nilipokosea. Mimi ni fundi wa nguo. Kitambaa nakijua kwa kukisugua kati ya vidole kabla sijakitazama, na mtu akiniletea kipimo namcheka. Baba naye hubonyeza tairi kwa kidole gumba, akasema "bado" au "imetosha". Zamani hata mafundi wa baiskeli wa Kondele walimwita awabonyezee. Kumnunulia mtu kama huyo geji niliona ni kumtukana. Nilihakikisha mdomo wa pampu unaingia kwenye valvu ya baiskeli nyeusi, nikajaribu mpini mara kumi, nikalipa.

Baba aliipenda. Alisema hii sasa ni pampu ya mtu mzima. Asubuhi iliyofuata, tyubu ya nyuma ilipasuka uani kwa kishindo na kuku wakatawanyika. Nilitoka na futi shingoni, nimekasirika kwelikweli, nikamuuliza kwa nini hakupima.

"Nimepima, nyathina," alisema. Huniita hivyo, mtoto wangu, hata nikiwa nimemkasirikia. "Nimebonyeza. Ilikuwa bado."

Niliinama nikabonyeza tairi la mbele, ambalo alikuwa ameanza nalo. Lilikuwa gumu kama sakafu.

"Na hili?"

Akaweka kidole gumba, akabonyeza. "Hili pia bado. Nilitaka nimalize la nyuma kwanza."

Nilimshika mkono nikaugeuza. Kwenye ncha ya kile kidole palikuwa na lengelenge kubwa la kuungua. Alisema ni sufuria ya chai, alidhani imepoa. Nilimuuliza vidole vimekuwa hivyo tangu lini. Akafikiri kwa uaminifu kabisa, akasema labda tangu mvua za mwaka jana.

Niliogopa, lakini si sana, kwa sababu nilishapata dawa. Macho yake yalikuwa mazima. Kama kidole hakimwambii kitu, mshale ungemwambia. Niliamua kuirudisha ile pampu na kuongeza pesa nichukue yenye geji isiyolala, na baba aendelee na safari zake. Siku hiyohiyo tulikwenda Kibuye tukabadilisha, muuzaji akilalamika. Kwa kuwa kliniki ilikuwa njiani, nikamwambia baba tuonyeshe lile lengelenge.

Tuliingia na pampu. Muuguzi alimpima sukari kwa tone la damu, akatazama kile kimashine mara mbili, kisha akamwambia avue viatu. Nilimweleza kwamba shida iko kwenye vidole vya mikono.

"Sukari ikiua hisia, mikono huja nyuma," alisema. "Miguu ndiyo hutangulia. Mzee anatembea na nini?"

"Baiskeli," baba alijibu haraka, kabla yangu.

Muuguzi alimlaza kitandani, akamwambia afumbe macho na aseme "ndiyo" kila akihisi ameguswa. Alikuwa na kijiti chenye uzi mgumu mfano wa ule wa kuvulia samaki. Aliubonyeza kwenye kidole gumba cha mguu mpaka ukapinda, kisha kwenye unyayo, kisha kisigino, huku akiandika kwenye kadi. Akahamia mguu wa pili. Mimi nilisimama nimeshika mpini wa pampu mpya, nikingoja ile "ndiyo" ya kwanza.

Baba alikuwa amelala kwa utulivu, macho ameyafumba alivyoambiwa.

"Daktari," alisema, "mimi niko tayari. Anza tu."