Kichwa cha Twende Kilioni Jangwani

Niliondoka Stockholm na hasira, na sioni haya kusema. Nilikuwa nimebuni kichwa cha mwanamke, cha mbao, kirefu kama nyumba ya ghorofa, kiende kwenye tamasha la sanaa katika jangwa la Hispania. Nywele zingekuwa kamba nene zilizosukwa twende kilioni, watu wazipande kutoka kisogoni hadi utosini. Kwenye karakana ya Jordbro, nje ya jiji, ninakofanya kazi, walikubali. Wanawake wenzangu wa mtaa wetu wa Rinkeby ndio waliouliza: mtoto unamwachia nani? Namwachia baba yake. Yeye huondoka na lori wiki nzima na hajawahi kuulizwa hivyo.

Asubuhi ya safari, binti yangu Saida alinipungia mkono dirishani, kisha akarudi kwenye uji wake. Tulikuwa watatu kwenye lori la karakana: mimi, Lasse mwenye karakana, na Mama Diane, msusi Mrundi wa Rinkeby niliyemwomba anisaidie.

Denmark, Ujerumani, Ufaransa. Lasse alisimama kila penye kahawa, Mama Diane akalalamika kwamba mkate wa Wafaransa unachubua ufizi. Kusini zaidi majani yakaisha, ardhi ikapauka, upepo ukaanza kulisukuma lori.

Jangwani tulisimamisha mbao, tukasuka. Mama Diane alisuka kama anavyosuka kwake: vuta, kaza, vuta. Nami nikakaza. Mistari ilinyooka mpaka watu wakaja kupiga picha.

Siku moja kabla ya ufunguzi, mkaguzi wa tamasha, mama wa Kihispania mwenye kofia pana, aliweka buti kwenye msuko. Halikuingia. Akajaribu mwingine, likateleza. Akasema kwa upole kwamba atakizungushia uzio, watu watazame tu.

Nilitaka kulia, nikafoka. Sikumwacha mwanangu nije kujenga kitu cha kutazamwa. Nikamgeukia Mama Diane.

"Tumekaza mno."

"Mimi nimesuka vichwa miaka yote," akasema, "hakuna hata kimoja kilicholalamikiwa kwamba hakipandiki."

Tulicheka mpaka Lasse akaja kuuliza kuna nini. Nikamweleza, naye akacheka, akaenda kuleta ngazi.

Tukafumua chote. Tukasuka upya, kila pindi la kamba tukiliachia nafasi ya buti la Lasse, ambaye alisimama pale kama kipimo. Mama Diane alinuna: kazi legevu namna ile, mteja wa Rinkeby angerudi siku hiyo hiyo. Lakini alisuka. Jioni mkaguzi alipanda mpaka utosini, akashuka, akaamuru uzio uondolewe.

Kesho yake walipanda vijana, wazee, hata bibi mmoja aliyevaa soksi tu. Mama Diane alikaza kitenge kiunoni, akapanda, akaketi juu kabisa.

"Weye Mama Saida," akaita, "njoo huku uone ulichofanya."

Nikapanda. Chini yetu watu walikuwa wamepanga foleni, na wote walikuwa wanasubiri kukanyaga wazo langu.

Tuliporudi Jordbro nilikuwa nimejifunza kwamba kazi nzuri unaweza kuifumua na ikabaki yako. Baba Saida alimleta mtoto tukiwa tunashusha mizigo. Lasse alifunga kipande cha kisogo tulichorudi nacho kwenye ukuta wa karakana. Saida alivua viatu, akaingiza vidole kwenye mapindi, akapanda bila kushikwa. Nikamwita ashuke tukale. Akanijibu kwa Kiswidi kwamba bado.

Sikumwita tena.