Benchi la Mwaloni Ngazini

Juzi nilikuwa Guangzhou, soko la Zhanxi, natafuta viatu vya jumla vya kupeleka dukani kwangu Mbeya, nikapita mbele ya duka la fanicha. Nje waliweka kiti kipya cha kahawia, chenye vigingi vya mbao kwenye maungio, mtindo wa kizamani. Nikakikwangua kigingi kimoja kwa ukucha, kikabanduka. Ilikuwa stika. Nilicheka mpaka muuzaji akadhani naidharau bei, akaanza kuishusha kabla sijauliza.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu. Mimi nimekulia mji huu, mtaa wa Xiaobei, ghorofa ya juu kabisa ya jengo lisilo na lifti ya kuaminika, na Baba yangu alikuwa mgonjwa wa fanicha za kale za Kiingereza.

Wazazi wangu walikuja Guangzhou kununua nguo. Mama alinunua nguo. Baba, siku moja, alitumwa kufuata mabunda ya jinzi, akarudi anasukuma mkokoteni wenye kiti kimoja kizito cheusicheusi.

"Jinzi ziko wapi?" Mama akauliza.

"Kwanza tazama hii mikono yake," Baba akasema, akikipapasa kiti kama ng'ombe wa mahari.

Alipokuwa mtoto, mchungaji wa misheni kwao alikuwa na kiti cha namna hiyo, na kazi ya Baba ilikuwa kukifuta vumbi. Kukikalia, marufuku. Sasa muuza vitu vya kale alikuwa amemweleza kisa chake: viwanda vya Uingereza vilipoanza kufyatua fanicha kama matofali, walitokea mafundi waliogoma. Wakaranda mbao zao kwa mkono, mbao za mwaloni, bila marembo, wakaacha kila ungio lionekane. Wafanyabiashara wa Kiingereza wakaja na baadhi ya vitu hivyo hapa, wao wakaondoka, vitu vikabaki. Baba akaanza kuviokota kimoja kimoja, kama mayatima.

Mama alikuwa akiusikia mwaloni kanisani tu, ukisomwa. "Mti wa manabii," alikuwa akisema, "na wewe unatia soksi ndani yake!"

Nyumba ikajaa. Tulikuwa na meza nzuri kuliko za ubalozi, na ugali tulikula sakafuni, kwa sababu sufuria ya moto ingeacha alama. Kila Jumamosi nilipaka mbao nta, na mpaka leo nikisikia harufu ya nta naona njaa, maana Mama alikuwa jikoni akikaanga samaki wakati huohuo. Wateja waliofuata mizigo yao hawakuondoka kabla Baba hajawavutia droo ya kabati wainuse, kisha akalowesha kidole kwa mate na kusugua ubao ili waone miale ikimeta ndani yake. "Halina msumari hata mmoja!" alimaliza hivyo kila mara. Mama alikuwa akiusogeza mdomo pamoja naye, bila sauti, huku akifunga mabunda.

Ndipo likaja benchi. Refu, lenye mgongo mrefu kama ukuta, la kukaa ukoo mzima. Lifti ililikataa. Baba akamwita jirani yetu Mkongo na mwanafunzi mmoja wa Zanzibar, wakalipandisha kwa ngazi wakiimba na kugombana. Kwenye kona ya mwisho, chini kidogo ya mlango wetu, likakwama. Mbele haliendi, nyuma halirudi.

"Papa, tukate miguu, voilà, kwisha," akasema Mkongo.

Baba akalilalia benchi kifudifudi. "Kateni yangu kwanza!"

Wa juu hawakuweza kushuka wala wa chini kupanda ila kwa kuliruka. Haukupita muda akaja mwenye nyumba, mama wa Kichina tuliyemwita Ayi, yaani shangazi, kama walivyomwita watoto wote wa jengo. Alifika akihema. "Bu xing! Bu xing!" Haiwezekani. Mkalimani wa nyumba nilikuwa mimi, kwa Kichina cha shuleni.

"Anasema kabla ya jioni benchi litoke," nikawaambia. "Lisipotoka, tutoke sisi."

Chumba kingine cha bei ile Xiaobei hakikuwepo.

"Mwambie," Baba akasema, "benchi hili limelizidi jengo lake umri!"

Nikamgeukia Ayi. "Baba anaomba radhi sana, Ayi."

Mlango wetu ukafunguliwa. Mama akatoka na mchi wa kutwangia, kanga kiunoni.

"Mke wangu, usifanye hivyo," Baba akasema kwa sauti ndogo.

"Miaka yote unaniambia halina msumari," Mama akajibu. "Kama halina msumari, si linafunguka?"

Akainama, akagonga kwa chini kabari moja ya mbao iliyobana ungio. To! Ikachomoka. Baba akafunika macho. To! Nyingine. Benchi likaachia taratibu, ubao baada ya ubao, kama mtu avuaye koti, na Ayi mwenyewe akawa wa kwanza kubeba mgongo wake ndani. Tulipoliunganisha upya lilikuwa likilia kila tukikaa. Baba hakuchoka kuwaambia wageni kwamba lilitengenezwa hivyo makusudi. Jioni ile alimtazama Mama kwa namna ambayo mimi, mtoto, niliona aibu nikaenda kuosha vyombo bila kutumwa.

Biashara ilipodorora tukarudi nyumbani. Kontena halikuwa na nafasi, hivyo Baba aligawa vyote, na kila mtu akachukua kile alichokuwa akikitania zaidi. Wazazi wangu ni wazee sasa. Mkongo sijui yuko wapi, na mwanafunzi wa Zanzibar nasikia ni daktari.

Nilipotoka Zhanxi nilikwenda kulitafuta lile jengo. Lipo. Nikapanda mpaka juu, nikapita kona ile ile ambayo mkwaruzo wa benchi bado uko ukutani, nikamkuta kijana wa Kitanzania anafunga maboksi ya simu. Nikamuuliza kama anawafahamu watu waliokuwa wakiishi hapo zamani.

"Hapa, dada?" akasema, akinitazama kwa huruma. "Umekosea jengo. Hapa ni ghala. Hapajawahi kukaa watu."